Ati Webuye kunanuka? Nimeenda kulala huko nijionee

Jumatatu

Wacha kwanza nieleze hii safari ilitoka wapi. Tunakaa London, London ya Nakuru jamani msianze, ile iko chini ya Menengai, chumba kimoja na sebule, na mwenye nyumba ametuma meseji kuanzia Januari kodi inatoka elfu tisa inaenda kumi na moja. Sababu, ati Nakuru ni jiji. Ni jiji tangu Desemba 2021, lakini huo ujiji mimi nimeuona kwa kodi tu.

Mimi hushona sare za shule, nina cherehani mbili na ovaloki moja ya mkono wa pili ambayo nikiiwasha jirani anagonga ukuta. Mume wangu, Baba Brayo, ni dereva wa trela, Mombasa kwenda Kampala. Nakuru anapita usiku, ananipigia "niko Salgaa" na mimi niko kitandani kilomita thelathini hivi kutoka kwake na hawezi kugeuka, gari iko na trakka, ofisi inamwona. Halafu anafika Malaba, mpakani na Uganda, anakwama foleni siku mbili, tatu, kuna wakati tano, analala kwa kichwa cha gari kama mzigo. Sasa dadangu mkubwa ameolewa Webuye, kaunti ya Bungoma huko Magharibi, miaka kumi na nne, na mwezi uliopita akanipigia kuna chumba cha duka karibu na stegi, nyuma yake nyumba ya vyumba viwili, yote pamoja elfu nane. Webuye na Malaba ni saa moja na nusu hivi kwa matatu. Foleni ikikataa kusonga, anaachia taniboi (utingo wake) gari, anakuja analala kwake.

Mimi nikaona hesabu imekubali. Baba Brayo akanijibu maneno mawili. "Webuye kunanuka."

Na si yeye pekee. Nimeuliza watu Nakuru, mmoja akaniambia huo mji ulikufa na kiwanda, mwingine akaniambia ukishuka huko saa tatu usiku umejitafutia, mama mboga wangu yeye akasema huko kuna pesa kuliko watu wanavyodhani. Nikamuuliza kama ashafika. Hajafika. Hakuna hata mmoja kati yao ashalala Webuye, wote wamepita na gari. Ndio nikasema shule zimefungwa, nabeba Brayo na Shiro, naenda nakaa wiki.

Tumetoka stegi ya Nakuru saa moja asubuhi na shato ya Bungoma. Salgaa, Mau Summit, Timboroa na baridi yake ya kukata masikio, Burnt Forest wakatuletea karoti kwa dirisha, Eldoret jam (hilo nalo ni jiji sasa, tangu Agosti 2024, waulizeni kodi zao). Kutoka Turbo barabara inaanza kushuka, joto linapanda, mnatoa sweta moja moja, na miwa inaanza. Trekta za miwa ndizo zimenitisha, zinajaza mpaka miwa inaburuta lami, na ukiangalia nyuma hazina taa hata moja. Nimejiuliza usiku zinaonekana aje.

Tumefika saa saba na nusu. Nimeshuka nikavuta pumzi kama mtu anaonja chumvi kwa mchuzi. Dizeli, mahindi ya kuchoma, vumbi. Dadangu akanicheka hapo hapo stegi.

Jumanne

Nimeamshwa na harufu saa kumi na moja alfajiri. Nikakaa kitandani nikasema haya, imekuja. Lakini ilikua tamu tamu, nzito, kama sukari imeungua kwa sufuria. Nikamwamsha dadangu maskini, akaniambia ni sukari nguru, kuna watu wanakamua miwa na kuchemsha huko upande wa shamba, upepo ukigeuka inafika. Lala.

Baadaye tumeenda kuona duka. Ni chumba kizuri, mlango wa chuma, sakafu ya simiti, stima iko na mita yake ya tokeni, hiyo kwangu ni kubwa sababu London tunagawana mita na watu sita na kila mwezi ni vita. Nyumba ya nyuma iko sawa, jikoni ndogo. Maji ya mfereji yapo lakini mwenye nyumba, mama mmoja mpole, ameniambia ukweli bila kuulizwa: yanakuja siku zake. Kuna tanki la mvua na kuna chemichemi mwendo wa dakika kumi. Nimempenda kwa hiyo, wa Nakuru wangu aliniambia maji ni masaa ishirini na nne na sijui alimaanisha ya wapi.

Mlango wa pili kuna mzee anatengeneza baiskeli. Amefanya kazi Pan Paper, kile kiwanda cha karatasi cha Webuye, miaka ishirini na mbili. Nikamuuliza moja kwa moja, mzee, ni kweli kulikua kunanuka? Akaweka spana chini.

Akaniambia kiwanda kilianza kutoa karatasi 1974, kikawa kikubwa kuliko vyote vya karatasi Afrika Mashariki. Miti inakatwa vipande vidogo inapikwa na dawa yenye salfa ndio nyuzi ziachane, na hewa inayotoka hapo ndio ile ya mayai viza. Kwa hivyo ndiyo, kulinuka, na asikudanganye mtu. Lakini akasema kulinuka kwa mpango. Upepo ulikua na njia yake, watu walikua wanaijua kama wavuvi wanavyojua ziwa, na nyumba za upande wa juu ya upepo zilikua ghali kuliko za upande wa chini. Yeye alijenga chini, alichopata. Mabati yake yalitoboka akabadilisha mara mbili, na anasema majirani zake wote hivyo hivyo, unaweka mabati mapya yanameta, miaka michache unaona nyota ukiwa kitandani.

Halafu Januari 2009 wakafunga. Hapo sikuhitaji kumuuliza zaidi, alienda mwenyewe. Zaidi ya watu elfu moja kazi imeisha, na nyuma ya kila mmoja mama wa chakula, mwenye nyumba, dereva wa magogo. Wapangaji wakihama usiku na deni la miezi. Serikali ikajaribu kukifufua zaidi ya mara moja, kikikohoa kikilala, mpaka 2016 kikanunuliwa na kampuni ya Rai. Sasa kinafanya kazi, lakini akasema si ile ya zamani. Nikamuuliza anajuaje. Akanionyesha paa lake na spana. "Hii niliweka 2010. Tafuta shimo."

Nilitafuta. Hakuna. Kutu kidogo pembeni, basi.

Jumatano

Leo ni ya kazi. Nimeenda sokoni kuongea na mafundi, wale wa cherehani kwa veranda, na nimeenda kama mteja kwanza halafu nikajitambulisha, najua si vizuri, lakini ukijitambulisha kwanza unaambiwa bei za Krismasi. Kushona sketi ya shule na kitambaa chako, mia mbili hamsini. Nakuru mimi hutoza mia tatu hamsini. Kaptula mia mbili. Wa ovaloki ni mmoja tu kwa ile laini yote na wenzake wanapeleka kwake kumaliziwa, wanamlipa kwa kipande. Hapo nikapata kupumua, sababu ovaloki ninayo.

Baada ya chai na mandazi wakaanza kunipa habari yenyewe. Huku usihesabu Januari kama Nakuru, wakasema. Mzazi anakuja na mtoto, anapimwa, anasema nitalipa miwa ikilipwa. Na miwa ikilipwa ni lini, hapo wote wakacheka pamoja. Kwa hivyo unashona kwa deni, na daftari la deni ndio cherehani yako ya pili. Mmoja, wa makamo hivi, ananyonyesha huku anapiga pasi, akaniuliza, "Na umehesabu mwaka wa tohara?" Sikua nimehesabu. Wabukusu wanapasha vijana tohara Agosti ya kila mwaka wa shufwa, ikimaanisha 2026 ni mwaka wake. Agosti yote pesa inaenda kwa ng'ombe, kwa busaa, kwa kulisha wageni, kijana anatembea akipiga kengele kuita watu wa ukoo na kila penye anafika kuna gharama. Muhula wa tatu ukifungua hakuna mtu ana shilingi ya sweta. "Usikuje na mkopo ukidhani Septemba utalipa," akaniambia. Hakuna mtu yeyote wa Nakuru angenipa hiyo, hata yule wa pesa-ziko-huko.

Nikauliza pia lile swali lingine, lile mtu anauliza kwa sauti ya chini. Mimi ni mtu wa kuja, jina langu linajulikana limetoka wapi, na Nakuru Januari 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi, niliona vitu ambavyo siwezi kuandika hapa. Mafundi walinyamaza kidogo. Halafu yule wa ovaloki akasema yeye ni Mteso wa Malaba, yule pale ni Mluhya lakini wa Maragoli, mwenye duka la vitambaa ni Msomali, na mji wa kiwanda watu walitoka kila mahali na wengine hawakurudi kwao. Sikujibiwa ndiyo wala hapana. Dadangu naye nilipomuuliza usiku akasema miaka miwili ya kwanza alilia, sasa anaota kwa Kibukusu.

Shemeji ni mwalimu wa msingi. Nimemuuliza kuhusu shule, Brayo amemaliza gredi ya sita anaingia ya saba, Shiro anaenda ya pili. Anasema wa Brayo ni rahisi. Shiro ndio wa kuangalia, sababu madarasa ya chini yanafundishwa kwa lugha ya eneo, ukimpeleka ya kijijini atakuta Kibukusu, ya mjini ni Kiswahili. Basi ya mjini. Shiro mwenyewe tayari anasalimia watu "mulembe" kila kona kama anagombea udiwani.

Alhamisi

Shiro ameamka na joto. Niliogopa vile siwezi eleza, sababu hiki ndio kitu hakuna mtu aliniambia kabla nije na nilipaswa kukifikiria mwenyewe: malaria. Nakuru ni juu, mbu wapo lakini malaria hatuishi nayo, watoto wangu hawana kinga yake yoyote. Magharibi huku ipo mwaka mzima. Tumebebana na boda mpaka kliniki moja ndogo, wamemtoboa kidole, tumengoja dakika ishirini nikihesabu vigae vya sakafu.

Hakuna malaria. Kifua tu, na karoti za Burnt Forest labda. Na hata ingekua ni malaria, isingekua ya huku, tumefika juzi, wadudu wa malaria huchukua wiki moja au zaidi mwilini kabla homa itokee, muuguzi akanielewesha hivyo polepole. Akanipa sheria zake: neti kila usiku, hata kule Nakuru kwa wiki kadhaa mkirudi, joto likija pima kwanza usimeze AL (dawa ya malaria) ya jirani, na ukihamia usingoje asubuhi, mtoto wa kutoka baridi anazidiwa haraka.

Halafu akamwangalia Brayo, ambaye alikua anacheka na simu yangu, akaniuliza, "Nyinyi ni wa Nakuru, ama Naivasha?"

Nikauliza amejuaje. Akaonyesha meno. Brayo ana yale madoa ya hudhurungi, meno ya mbele yote mawili, ni floridi ya maji ya visima vya Bonde la Ufa, inaingia mtoto akiwa mdogo meno yakiwa bado ndani ya ufizi na ikishaingia haitoki. Watu wa kwetu wanayo wengi mpaka hatuoni tena. Mimi nimekuja kilomita zaidi ya mia mbili kunusa hewa ya watu kama ni safi na mtoto wangu amebeba maji ya kwetu mdomoni. Sikusema kitu. Nimelipa mia tano tukatoka.

Kodi ya duka sijaijadili leo. Nimelala mchana.

Ijumaa

Imenyesha kuanzia saa nane, mvua ya mawe na radi za karibu, ile unaona mwanga na mlio pamoja. Watoto chini ya meza.

Saa kumi na mbili simu: foleni Malaba imesimama, mtandao wa forodha una shida, hakuna gari inavuka mpaka kesho kutwa pengine. Nikamwambia njoo. Akasema mvua. Nikamwambia njoo.

Amefika saa tatu kasoro usiku, boda imemwacha kwa geti, amelowa mpaka soksi, na kitu cha kwanza amesimama kwa mlango, pua juu. Shemeji akamwona. "Unatafuta nini, shemeji?" Dadangu kutoka jikoni bila hata kugeuka: "Anatafuta harufu. Mtu anakaa chini ya Gioto." Kwa wasiojua, Gioto ndio jaa la takataka la Nakuru nzima, liko juu yetu pale kwa mlima, na upepo ukishuka London tunafunga madirisha tunakula tukiwa tumenyamaza. Baba Brayo alicheka mpaka akakaa chini. Alikula ugali wa wimbi na kuku na mrenda, hajasema neno, halafu akalala saa kumi. Si saa kumi ya alfajiri, masaa kumi! Sijawahi kuona huyu mtu akilala masaa kumi tangu tuoane. Shiro alikua anaenda kila mara kumwangalia kama anapumua.

Na niseme ukweli: usiku huo, kama saa saba, mvua imekatika, nilisikia harufu. Nyepesi, ya kitu kimeoza lakini cha kiwandani, si cha mtaro. Dakika chache ikapotea. Inaweza kua mtaro baada ya mvua. Inaweza kua ni mimi nilikua nimeingoja siku tano. Sijamwambia mtu.

Jumamosi

Asubuhi tumepanda kilima cha Chetambe wote isipokua dadangu aliyesema yeye alishapanda na mimba na hiyo inatosha. Wafula, mtoto wa dadangu, ndio alikua kiongozi, akatupa historia njia nzima: hapa juu ndipo Wabukusu walijifungia ndani ya boma mwaka 1895 wakipigana na Waingereza waliokuja na askari wa Kinubi na Waganda, na wenye bunduki wakashinda. Anaeleza kama alikuwepo. Brayo akauliza walikua wanapata wapi maji huku juu, swali zuri, Wafula akamwambia tembea.

Kutoka juu mji unauona wote kwa mkupuo mmoja. Reli, barabara kuu na matrela kama siafu, mto Nzoia rangi ya chai ya maziwa, maporomoko ya Nabuyole (wazee bado wanasema Broderick Falls, jina la mkoloni lililokua hata la mji), miwa mpaka inachoka, na pale katikati kiwanda na bomba zake. Baba Brayo aliangalia barabara muda mrefu. Anaipita hiyo barabara miaka tisa. Akanionyesha kwa kidole penye yeye hufunga dirisha, kuna kona hapo kabla ya mji, anasema anafunga kwa mazoea tu, taniboi wa kwanza alimfundisha hivyo na yeye amefundisha wengine.

"Na leo unasikia nini?" nikamuuliza.

"Leo nimesimama."

Nilimwambia yote, deni la miwa, Septemba ya tohara, malaria, maji ya siku zake. Nikamwambia na ya mzee na upepo. Akasema kodi ya elfu nane na wateja wa deni si nafuu ni kuhamisha shida, na mimi kule nina shule tatu zinanijua. Ni kweli. Nikamwambia pia amelala masaa kumi. Akasema hiyo ni kweli pia. Saa nane foleni ikaanza kusonga, taniboi akapiga, akaondoka mbio hata chai hajamaliza.

Jioni nilipita kwa mama mwenye nyumba kumuaga. Ameniambia kuna mtu wa kuuza simu anataka chumba, ataamua Jumatano. Nikatoa elfu tatu ya kushikilia mpaka mwisho wa mwezi. Nikiikataa anakata mia tano, inayobaki ananirudishia, tumeandikiana kwa karatasi, mzee wa baiskeli ameweka sahihi.

Jumapili

Njia ndefu kurudi, Shiro ametapika Timboroa, hakuna kingine cha kusema. Tumefika London saa kumi na moja.

Saa mbili usiku amenipigia kutoka Tororo, ashavuka. Mmefika? Tumefika. Watoto? Wamelala, chini ya neti. Akanyamaza, nikasikia injini. Halafu akauliza, "Hiyo nyumba ya duka, iko upande gani wa upepo?"

Nami nikanyamaza kidogo. Nikamwambia, upande wa mzee.

Akasema sawa, tutaongea nikishuka. Ya elfu tatu sijamwambia.